Maswali ya Wasomaji: Kusoma kwa Ghibu na Kusoma kwa Macho

Barua nilizozichagua mwezi huu zimetoka Lamu, bara yake na visiwa vilivyo jirani, na zote zinauliza, kila moja kwa njia yake, namna ya kumsaidia mtoto asome vizuri na asome kila siku. Nimezifupisha kidogo, na majina ya walioandika nimeyahifadhi kama walivyoomba. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu shida iliyomo ndani yake ndiyo ninayoiona mara nyingi zaidi, na ndiyo inayochelewa kugunduliwa.

*Mwanangu ana umri wa miaka minane na yuko gredi ya pili. Kila jioni hunisomea kitabu chake cha Kiswahili bila kukwama, nami nilikuwa nikiona fahari. Juma lililopita nilimwonyesha neno moja katikati ya ukurasa huo huo, nikamwambia alisome hilo peke yake, akashindwa. Nilipofungua ukurasa ambao hawajaufikia darasani alinyamaza kabisa, kisha akaanza kulia. Je, muda huu wote alikuwa akinidanganya?* — Mama wa watoto watatu, Langoni

La, mama, hakukudanganya. Mtoto wako alikuwa akisoma kwa ghibu, na yeye mwenyewe huenda alidhani kwamba huko ndiko kusoma. Watoto wetu huingia chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani, mapema, wengine hata kabla ya kuanza shule, na huko kuhifadhi ni ustadi unaothaminiwa, tena kwa haki. Mtoto aliyezoea kuisikia aya mara kadhaa kisha akairudia pasi na kosa ataufanyia ukurasa wa kitabu cha shule vivyo hivyo: atausikia kwa mwalimu na kwa wenzake, ataubeba mzima kichwani, na jioni ataufungua mbele yako na kuutiririsha huku macho yake yakitazama picha. Kumbukumbu hiyo ni neema na si ya kulaumiwa. Inachofanya ni kuificha kazi ambayo bado haijafanyika, yaani kuzifungua herufi.

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walilieleza jambo hili kwa mfano wa hesabu ambao naupenda kwa sababu mzazi yeyote anaweza kuutumia. Walisema kwamba ufahamu wa maandishi hupatikana kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha: uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sufuri, jibu ni sufuri, hata kama kingine ni kikubwa namna gani. Mwanao ana Kiswahili tele mdomoni. Anajua kubishana, kuomba, kusimulia yaliyotokea madukani. Upande huo umejaa. Upande wa pili ndio mtupu, na ndio tutakaoujaza, na kwa bahati njema ndio unaojazika upesi.

Nasema upesi kwa sababu Kiswahili kimemrahisishia mtoto kazi. Irabu zake ni tano tu, kila moja ina sauti ile ile popote iandikwapo, na silabi nyingi mno huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto anayezishika *ba be bi bo bu* na ndugu zake ameshapata ufunguo wa sehemu kubwa ya maneno. Anayejifunza kusoma Kiingereza hana nafuu hiyo, maana herufi zile zile hubadilisha sauti kutoka neno hadi neno. Na kwa kuwa watoto wetu hufundishwa lugha zote mbili katika miaka ile ile, ni vyema usome naye Kiswahili kwanza mpaka kithibiti, ndipo Kiingereza kipate mahali pa kukaa.

Anza na silabi nyepesi, na usione haya kurudi kwenye kitabu cha gredi ya kwanza. Chukua boksi tupu la dukani, ulikate vipande, uandike silabi moja kila kipande, umwache aunganishe: *ma* na *ji*, *sa* na *ma* na *ki*. Akishazoea, nenda mahali ambapo wengi hukwama, napo ni penye herufi mbili au tatu zinazotamkwa kwa pamoja: *ch, sh, dh, gh, ny, mb, nd, nj, nz, mw, kw.* Kaa zaidi kwenye *ng* na *ng'*, kwa sababu *ngoma* na *ng'ombe* huanza sawa machoni na tofauti kinywani. Mwalimu mwenye darasa kubwa hupita hapo haraka kwa kuwa silabasi inamsukuma, na mtoto aliyeachwa hapo hukisia neno badala ya kulisoma.

Kukisia ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, maana kuna namna ya kukisia ambayo lugha yetu yenyewe huialika. Maneno yetu yanapatana mwanzoni. Tazama sentensi *kitabu kile kizuri kimepotea*: maneno manne, na yote yanaanza kwa *ki*. Mtoto anayetazama mwanzo wa neno tu na kubahatisha kilichobaki hupotea njiani, kwa sababu kinachoyatofautisha kiko mwishoni. Mfundishe kulipitisha jicho mpaka mwisho wa neno. Weka kipande cha karatasi juu yake, ukivute polepole ili silabi zitokee moja baada ya nyingine. Maneno marefu ya vitendo yafanyie hivyo hivyo. *Hawakutuambia* humtisha mtoto linapomjia zima, lakini likitoka kidogo kidogo, *ha-wa-ku-tu-a-mbi-a*, anajikuta amelifikia neno analolitumia kila siku.

Akisoma ukurasa mpya kwa taabu, mrudishe asome ukurasa ule ule mara ya pili na ya tatu siku hiyo hiyo. Hapo usiogope ghibu, mradi kidole chake kinafuata maneno. Anayesoma polepole sana hufika mwisho wa sentensi akiwa ameshausahau mwanzo wake, na kurudia ndiko kunakompa kasi inayotosha kuishika maana. Ili kuhakikisha kwamba anasoma kwa macho, mara nyingine funika picha, au mwombe aanze na mstari wa mwisho.

Na vitabu si pekee vyenye maandishi nyumbani mwako. Kila leso (kanga) uliyo nayo ina jina lake, limeandikwa wazi kwa herufi kubwa, na lina maana ya kuulizana. Tandaza moja kitandani kila Ijumaa, alisome jina, akueleze alivyolifahamu. Mkiteremka pwani, mwambie akusomee majina yaliyochorwa ubavuni mwa majahazi na mashua zilizofunga gati. Haya hawezi kuyahifadhi mapema kutoka kwa mwenzake; inambidi ayasome.

Dakika 15 kwa siku zinatosha. Kisha, kabla hajalala, wewe ndiye umsomee hadithi iliyo ngumu kuliko anayoiweza, naye asikilize tu. Mweleze pia mwalimu wake uliyoyaona, kwa upole, kwa maana huenda hata yeye amekuwa akiisikia sauti ya mtoto katika kundi na kuamini kwamba anasoma.

*Binti yangu wa miaka kumi bado huchanganya b na d, husogeza kitabu karibu na uso, na hulalamika kuumwa na kichwa. Wengine wanasema ni mvivu.* — Mama, Hindi

Usikubali neno hilo, na usikubali litamkwe mbele yake. Kuchanganya *b* na *d* katika umri wa miaka sita au saba ni jambo la kawaida, hasa kwa watoto ambao asubuhi huandika kuanzia kushoto na alasiri chuoni huandika kuanzia kulia; lakini katika umri wa miaka kumi linastahili kuchunguzwa. Anza na macho, kwa sababu kusogeza kitabu na kuumwa na kichwa kunaashiria huko, halafu masikio. Vikiwa salama na shida ikiendelea, yaweza kuwa ni disleksia, hali ambayo ubongo hupata tabu kuunganisha herufi na sauti, na haina uhusiano wowote na uvivu wala uhaba wa akili. Nchini kuna vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji ya pekee katika elimu, vilivyoanzishwa mwaka 1984 na kujulikana kwa kifupi kama EARC. Ofisi ya elimu iliyo karibu nawe itakuelekeza. Nenda muhula huu.

*Mwanangu wa gredi ya tatu akisoma kitabu cha shule husema "mai" palipoandikwa "maji" na "moya" palipoandikwa "moja". Mwalimu humkata alama. Mke wangu anaona tuache Kiamu, lugha yetu ya Lamu, nyumbani tuzungumze kama kitabu. Mimi moyo hautaki, lakini sitaki mtoto afeli kwa ajili yangu.* — Baba, Mkomani

Ndugu yangu, moyo wako umekuelekeza vyema. Mtoto anayeona *maji* akatamka *mai* ameziona herufi, amefika kwenye maana, kisha amelitoa neno kwa lugha ya mamake. Yule anayetamka *maji* sawasawa bila kujua kinachosemwa yuko nyuma yake sana. Mkiacha Kiamu nyumbani mtampunguzia maneno, mzaha, methali na masimulizi aliyokwisha kuyamiliki, yaani mtaupunguza ule upande wa lugha niliomweleza mama wa Langoni, ambao bila huo kuzitambua herufi hakumfikishi popote.

Ni vizuri naye ajue, kwa kiasi cha umri wake, kwamba lugha ya kitabu haikuchaguliwa kwa sababu ya nyumbani ni mbovu. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni, na tangu 1930 kamati ya nchi za Afrika Mashariki ikasimamia namna ya kukiandika. Kabla ya hapo, tenzi zilizosifika sana pwani hii zilitungwa kwa lugha ya Lamu na Pate. Shule inahitaji maandishi ya namna moja ili mtoto wa Lamu na wa Kisumu wasome kitabu kimoja, na hilo ni jambo la busara. Lakini halimtaki mtoto aache alichonacho.

Mfanyie mchezo. Chukueni daftari, mlichore mstari katikati, upande mmoja muandike *twasema* na wa pili *imeandikwa*. *Nti* na *nchi. Ndia* na *njia. Mato* na *macho. Kitwa* na *kichwa. Yana* na *jana. Zitu* na *vitu.* Baada ya siku chache ataanza kuona mwenyewe kwamba kuna utaratibu, kwamba penye *ch* ya kitabu mara nyingi sisi tuna *t*, na penye *nj* tuna *nd*; naye atakuja na maswali, maana *chai* ni *chai* kwetu na kwao. Mtoto anayeuliza swali kama hilo anazitazama herufi kwa makini ambayo hakuna zoezi la darasani litakalomtia. Neno *ndoo* lipeni nafasi yake: kitabuni ni chombo cha kutekea maji, nyumbani ni mwito wa kumwita mtu, na asipojua hivyo hadithi nzima itamchanganya.

Palipo na haja ya ukali kidogo ni katika kuandika. Insha ya shule aiandike kwa tahajia ya shule. Na umwombe mwalimu, kwa adabu, kwamba mtoto akisoma *mai* kwa sauti amwulize limeandikwaje; akijibu kwa herufi zilizopo, amelisoma.

*Nakaa na wajukuu wanne, wazazi wao wako Mombasa kazini. Mimi nilisoma chuoni tu. Qur'ani naisoma, hati za Kizungu sizijui. Watoto huniuliza mambo ya vitabu vyao nikabaki kimya. Nitawasaidiaje?* — Bibi, Shela

Bibi yangu, nimeisoma barua yako, uliyoandikiwa na mjukuu wako, mara mbili. Anayeisoma Qur'ani anajua kusoma. Ni hati moja tu ambayo hukufundishwa. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate, alipotaka kumwachia bintiye wosia, alimwita aje karibu na wino na karatasi, na utenzi aliomtungia uliandikwa kwa herufi hizo hizo unazozijua wewe. Kwa hiyo mambo ya kusoma na kuandika hayakuingia katika nyumba zetu pamoja na shule. Yalikuwemo, na walioyashika walikuwa pia wanawake.

Kazi yako ya kwanza ni kusikiliza. Baina ya magharibi na isha, kila mtoto akae karibu nawe kwa zamu akusomee kurasa mbili tatu. Huna haja ya kujua kama amekosea herufi moja. Sikiliza kama maneno yanaingia akilini, yasipoingia mwambie, "Hapo sikuelewa, rudia." Utashangaa jinsi mtoto anavyojisahihisha mwenyewe akiambiwa hivyo na mtu anayetaka kweli kusikia. Kisha uliza: kwa nini alifanya vile? Wewe waona atarudi? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayomfundisha mtoto kwamba ukurasa una watu ndani yake.

Ya pili ni hadithi zako mwenyewe. Paukwa, pakawa, na vitendawili vyote unavyovikumbuka. Mtoto aliyesikia hadithi nyingi hujua hadithi inavyokwenda, hivyo akikutana nayo kitabuni huwa si mgeni. Halafu fanya jambo moja zaidi, ambalo nimeliona likifaulu mahali ambapo vitabu havipo kabisa: simulia hadithi fupi taratibu, mjukuu mkubwa aiandike kama unavyoisema, wadogo wachore picha, kisha daftari hilo lishonwe kwa uzi na liwe kitabu cha nyumba. Watoto hukisoma kitabu kama hicho mpaka kikachakaa, kwa sababu sauti iliyomo wanaijua.

Na ukipenda, bibi, mdogo wao akufundishe hizo herufi za pili. Atakayejifunza zaidi ni yule anayefundisha.

*Kijana wangu ana miaka kumi na mmoja. Shida yake si kutojua kusoma, ni kutotaka. Nilimnunulia vitabu viwili Lamu, hajavifungua. Nikimnyang'anya simu na kumkalisha saa nzima na kitabu, husinzia. Hapa kwetu hakuna maktaba na kabati la vitabu vya shule hufungwa daima.* — Baba, Siyu

Ile saa nzima iondoe leo, ndugu yangu. Kitabu kinachotolewa pamoja na kunyang'anywa kitu kinachopendwa huwa kimeshageuka adhabu, na hakuna mtu mzima anayerejea kwa hiari kwenye adhabu yake. Chagua badala yake dakika kumi zilizofungwa kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku, kama vile baada ya chakula cha mchana au mkirudi kutoka msikitini, na katika dakika hizo nawe ukae na kitu unachokisoma. Asikuone ukimsimamia. Akuone ukisoma, kama anavyokuona ukitengeneza nyavu. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka na mashua nyingi kukaa pwani, ni wakati mzuri wa kuanza, kwa kuwa akina baba wako nyumbani.

Mwache achague. Akitaka habari za mpira, asome za mpira, hata kwenye simu, mradi asome maneno na asitazame picha zinazopita tu. Vile vitabu viwili uliviteua wewe. Huenda vingemfaa mtoto mwingine. Mwulize ni kitu gani angetaka kukijua, ndipo umtafutie.

Kuhusu upatikanaji, kuna njia tatu. Mkija Lamu, ndani ya ngome iliyo kwenye uwanja wa mji, ile iliyokuwa jela hadi mwaka 1984, mna maktaba. Mpeleke, akae, aguse. Pili, maktaba ya mtandaoni iitwayo African Storybook ina hadithi nyingi za watoto za Kiswahili zisizolipiwa, ambazo unaweza kuzipakua penye mtandao na kuzisoma baadaye bila intaneti, na hapo ile simu itakuwa imepata kazi nyingine. Tatu ni sanduku. Jirani zetu wa Garissa wamekuwa wakipelekewa vitabu kwa ngamia tangu mwaka 1996, kwa mpango wa huduma ya maktaba ya taifa, kwa sababu watu huko huhama na mifugo na gari haliwafikii. Sisi hatuna haja ya ngamia. Wazazi kumi wa Siyu, Pate na Faza wakitoa kitabu kimoja kila mmoja, sanduku moja lisiloingia maji laweza kukaa mwezi mzima kila kijiji, kisha likasafirishwa kwa mashua ile ile inayobeba abiria na mizigo. Lisiwe na kufuli, na mtoto mmoja awe na daftari la kuandika nani amechukua nini. Anza na vile viwili ambavyo mwanao hajavifungua, na daftari umpe yeye.